AP Lang: usianze na majina ya mbinu, anza na msemaji anataka nini

Kila ikikaribia mwezi wa tano napata meseji za vijana wetu huku Marekani, wengine wamezaliwa hapa hapa Ohio, wengine wamekuja juzi juzi tu kutoka Mombasa, Goma ama kambi ya Nyarugusu, na swali lao ni moja: nina AP English Language (somo la Kiingereza la ngazi ya chuo linalosomwa sekondari, na mtihani wake ni mwezi wa tano), ticha ametupa karatasi ya mbinu za balagha, yaani ufundi wa kumshawishi msikilizaji, na nyingine ya maneno ya toni, yaani hisia inayosikika kwenye sauti ya msemaji, nitayameza vipi haya yote? Hilo darasa nimelipitia, na siku hizi wikendi nakaa na wadogo zangu na watoto wa majirani tunapitia esei zao, kwa hiyo nasema kitu ninachokiamini kabisa: usiyameze. Hizo karatasi zina maneno kibao yamepangwa kwa alfabeti, anafora (kurudia maneno yale yale mwanzo wa kila sentensi), antitesi, asindeto, na ukikesha unayakariri hivyo utaingia kwenye mtihani kazi yako ni kuwinda, ukiona anafora unafurahi, unaandika "hapa kuna anafora", unaenda mbele. Hiyo sentensi peke yake haikupi kitu.

Hebu tuangalie mtihani wenyewe unataka nini. Una maswali 45 ya kuchagua, saa moja, halafu esei tatu kwa saa mbili na robo, na katika muda huo dakika 15 ni za kusoma. Esei inayotusumbua ni ile ya uchambuzi wa balagha. Inasahihishwa kwa pointi 6: moja ya tasnifu, yaani ile sentensi inayobeba msimamo wako, nne za ushahidi na maelezo, na moja ya ukomavu wa hoja. Nne kati ya sita ziko kwenye ushahidi na maelezo! Hakuna hata moja ya kutaja jina gumu la Kigiriki. Na swali lenyewe ukilisoma vizuri halikuulizi mbinu, linakuuliza msemaji amefanya machaguo gani ili afikishe ujumbe wake, na kuchagua ni jambo la mtu mwenye akili anayemtazama mtu mwingine usoni na kuamua amwambie hivi asimwambie vile.

Kwa hiyo kabla hujaanza kupigia mistari, soma yale maelezo mafupi wanayokupa juu ya matini. Vijana wengi wanayaruka manake wana haraka, na mle ndani ndiko kuna nani anaongea, mwaka gani, wapi, mbele ya nani. Jiulize huyu mtu anataka hawa watu wafanye nini wakitoka hapa, na ni kitu gani kinawazuia. Ukishajua hilo mbinu zinajitokeza zenyewe, hata kama jina lake umelisahau.

Nichukue mfano ambao kila shule huku inausoma, hotuba ya Martin Luther King, yule kiongozi wa kudai haki za watu weusi, pale Lincoln Memorial, Washington, tarehe 28 Agosti 1963. Wanafunzi karibu wote wanakimbilia ile ndoto inayorudiwa rudiwa mwishoni, sawa, ni anafora nzuri, lakini mimi huwaambia waanze na hundi. Mapema kwenye hotuba King anasema waasisi wa Marekani waliandika hati ya ahadi kwamba kila mtu atakuwa na haki zake, na mtu mweusi alipoipeleka benki akarudishiwa hundi imeandikwa hakuna pesa za kutosha. Sasa mwanafunzi anaandika "King ametumia sitiari" anaweka nukta. Hapana, endelea! Kwa nini hundi, kwa nini si mlango uliofungwa ama njia ndefu? Kwa sababu mtu anayedai hundi yake ilipwe haombi msaada, anadai chake. Na mbele yake wako watu kama laki mbili na nusu, na nyuma ya kamera za televisheni kuna Wamarekani weupe ambao wengi wao hawajawahi kulala jela kwa sababu ya rangi, lakini deni wanalijua, mkataba wanaujua, na wote wanajua ni aibu ya nani hundi ikirudi, ni aibu ya aliyeiandika. Mwezi wa sita mwaka ule ule Rais Kennedy alikuwa amepeleka mswada wa haki za kiraia Congress, yaani bunge lao, kwa hiyo kuna watu wana kura mkononi na King anawaambia lipeni. Ukiandika hivyo umeshachambua, na neno sitiari umelitumia mara moja tu.

Halafu toni. Hapa ndipo ile karatasi ya pili inawapoteza watu, manake mtu anakariri maneno sitini akifika kwenye mtihani anaandika "the tone is serious". Serious kila kitu ni serious! Ninavyowafundisha wadogo zangu ni kuyaweka maneno kwa familia, na ndani ya familia unayapanga kwa ukali. Chukua hasira. Kuna "annoyed", huyo amekereka tu, kuna "indignant", huyo hasira yake ni ya mtu aliyedhulumiwa na anajua haki iko upande wake, kuna "bitter", hasira iliyokaa sana moyoni mpaka imechacha, na kuna "furious", huyo keshapasuka. Maneno manne hayo. Sasa rudi kwenye hundi ya King ujiulize ni lipi. Si "furious", sauti yake imetulia na mpangilio wake ni wa mwanasheria. Si "bitter", tena hapo mbele kidogo anawaonya watu wake wasinywe kikombe cha uchungu na chuki. Ni "indignant", na hilo la kikombe ndilo ushahidi wako. Neno la toni bila ushahidi ni kubahatisha.

Fanya hivyo kwa huzuni, kwa heshima, kwa matumaini, kwa kejeli, maneno matatu manne kila familia yanatosha sana. Afadhali uwe na ishirini unayoyajua tofauti zake kuliko mia unayoyaona kwa sura. Na usiandike toni moja kwa matini nzima, hotuba nzuri zinageuka katikati, tafuta inapogeukia, mara nyingi utakuta "but" ama "yet" imekaa mwanzo wa sentensi inakungojea. King anatoka kwenye kudai, anaingia kwenye kuwashauri watu wake, mwisho anapanda kwenye matumaini, na kila anapogeuka kuna watu fulani anawageukia.

Nyie mliolelewa kwa Kiswahili hii kazi mnaiweza kuliko mnavyodhani, na nasema hivyo nikimaanisha. Mama yangu angeweza kutoka nje na leso yenye jina fulani, hajafungua mdomo, na mtaa mzima ukajua ni nani anaambiwa na kwa ukali kiasi gani. Sikio la toni mnalo. Kinachopungua ni maneno ya Kiingereza ya kulisemea, na hayo yanakuja kwa kuyatumia, siyo kwa kuyatazama. Soma matini kwa sauti, nyumbani, mlango umefunga ukitaka, uone wapi sauti yako inapanda yenyewe. Kama ticha wako anakubali, kaa naye chakula cha mchana umuulize kwa nini hapa umeandika "somber", huzuni nzito, na yeye angeandika "reverent", heshima kuu, hayo maongezi ya dakika tano yana faida kuliko usiku mzima wa kadi za kukariri.

Hata vitenzi vyako vibadilishe. Badala ya "he uses" kila paragrafu, sema msemaji anakubali hoja ya wapinzani, anaonya, analinganisha, anasisitiza, "concedes", "warns", "contrasts", "insists". Ukitumia kitenzi cha namna hiyo sentensi yenyewe inakulazimisha useme anaonya nani na kwa nini.

Wa kuanza leo, chukua hotuba ya Rais Lincoln ya Gettysburg, 19 Novemba 1863, ni maneno kama 270 tu, unaimaliza kabla chai haijapoa. Mbele yake kuna makaburi ya askari na vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe bado havijaisha. Tafuta pale anaposema mara tatu mfululizo kwamba sisi hatuwezi kuitakasa ardhi hii, halafu andika paragrafu moja: kwa nini mtu aliyeitwa kuweka wakfu makaburi anawaambia waliokuja kwamba hawawezi kufanya hivyo, na anataka wafanye nini badala yake.