Maswali na Majibu: Mbwa Asiyesikia

SWALI: Mbwa wetu wa ulinzi ana miaka 11. Siku hizi nikirudi usiku huendelea kulala barazani mpaka nimfikie, na mlinzi humchapa akidai kwamba ni mkaidi. Je, ni uzee, ukaidi au uziwi? (Msomaji wa Arusha)

JIBU: Naomba kwanza fimbo iwekwe chini, kwa maana mbwa asiyesikia anapochapwa hajifunzi lolote isipokuwa kumwogopa kila anayemkaribia. Kisha mpimeni hapo hapo nyumbani. Ngojeni alale, mmoja wenu asimame hatua kadhaa nyuma yake, na mwingine ayatazame masikio yake kwa makini, kwa kuwa mbwa mvivu huenda asiinue kichwa lakini sikio litatikisika tu. Tikiseni funguo, pigeni filimbi, tamkeni jina lake. Msipige makofi karibu naye wala msigonge sufuria sakafuni, kwani upepo wa mikono na mtetemo wa sakafu humfikia hata kiziwi, nanyi mtadhani amesikia. Mbwa mzee aghalabu huanza kupoteza sauti nyembamba, ndiyo maana anaweza kushtushwa na lori huku filimbi ikimpita.

Hata mkiona dalili zote, msikate shauri kabla daktari wa mifugo hajamchungulia masikio. Nta iliyoganda, usaha wa maambukizi ya muda mrefu, au kupe waliojificha ndani huweza kuziba njia ya sauti, na mambo hayo yana tiba. Msimtie mafuta, spiriti wala matone yaliyobaki kutoka kwa mgonjwa mwingine: ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, baadhi ya dawa, jentamaisini ikiwa mojawapo, huweza kupenya hadi sikio la ndani na kuharibu usikivu uliosalia.

SWALI: Nimepewa mtoto wa mbwa wa wiki 4, mweupe, mwenye jicho moja la buluu. Majirani wanasema ni kiziwi na kwamba nimrudishe. Ni kweli? (Msomaji wa Nakuru)

JIBU: Huenda ikawa kweli, lakini rangi peke yake haitoshi kumhukumu. Seli zinazotengeneza rangi ya mwili husaidia pia kulihifadhi sikio la ndani, na zikikosekana humo, seli za kusikia hufa katika wiki za mwanzo za maisha. Mfano unaojulikana sana ni mbwa wa Dalmatian, ambao huko Marekani takriban asilimia 30 ya waliopimwa walikutwa na uziwi wa sikio moja au yote mawili; waliobaki, weupe vilevile, walisikia vizuri. Kipimo cha uhakika huitwa BAER, nacho hunasa umeme wa ubongo sauti inapoingia katika kila sikio, kuanzia umri wa wiki 5 hivi. Mashine zake ni chache, kwa hiyo muulize daktari wako kama ipo mahali mnapoweza kufika. Akithibitika kuwa kiziwi, msimzalishe. Kumrudisha si lazima hata kidogo.

SWALI: Nitamfundishaje mbwa asiyesikia hata jina lake? (Msomaji wa Tanga)

JIBU: Mfundishe kukutazama kabla ya kumfundisha jambo lingine lolote, kwa sababu ishara isiyoonekana ni sawa na sauti isiyosikika. Kaa naye mahali patulivu ukiwa na vipande vidogo vya nyama. Kila anapokutazama usoni kwa hiari yake, nyanyua kidole gumba mara moja, kisha mpe kipande. Baada ya siku chache atajua kwamba kidole hicho maana yake ni "vyema", na hapo ndipo utakapoongeza ishara nyingine moja baada ya nyingine: kiganja kinachopanda kwa "kaa", mkono mzima unaovutwa kifuani kwa "njoo". Jike niliyemlea mwenyewe alikuwa akisimama katikati ya ua, mkia umetulia, macho hayabanduki mkononi mwangu, akingoja kidole kile.

Jambo linaloharibu kazi hii mara nyingi ni watu wa nyumbani. Baba akiita kwa mkono wa juu, mtoto akiita kwa kupungapunga, naye dada wa kazi akiwa na ishara yake, mbwa atachanganyikiwa na lawama zitamwangukia yeye. Kubalianeni ishara, mzichore kwenye karatasi na kuibandika jikoni. Usiku tumieni taa ya baraza: kuiwasha na kuizima mara mbili kukimaanisha "rudi", ataelewa, mradi kila anaporudi anakuta zawadi. Nje ya geti asitembee bila kamba, hata awe mtiifu kiasi gani, kwani hasikii bodaboda inayomjia kwa nyuma.

SWALI: Mbwa wetu kiziwi alimwuma mwanangu alipomgusa usingizini. Je, amekuwa mkali? (Msomaji wa Dodoma)

JIBU: Mtoto kwanza. Jeraha lisafishwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya ushauri wa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo. Kama hamkufanya hivyo, nendeni leo, na mchukue kadi ya chanjo ya mbwa.

Kuhusu mbwa, inaelekea alishtuka. Mwekeeni malazi pembeni, mbali na mapito ya watoto, na mtu mzima amzoeze kuamshwa: weka kiganja karibu na pua yake ili harufu yako imfikie, mguse begani taratibu, daima mahali pale pale, na afumbuapo macho akute kipande cha nyama. Rudia mara kadhaa kila siku. Watoto wasimwamshe kabisa, na akiendelea kuuma hata akiwa macho, mpelekeni kwa daktari wa mifugo, kwa sababu huenda ana maumivu, na masikio ndiyo sehemu ya kwanza ya kuangaliwa.