Sheria ya Kuvunja Ukiritimba Ilimfungaje Kiongozi wa Mgomo?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uchumi. Tumefundishwa kwamba Sheria ya Sherman ya mwaka 1890 ilitungwa Marekani ili kuyadhibiti makampuni makubwa yaliyohodhi mafuta, sukari na reli. Lakini nimesoma pia kwamba kiongozi wa mgomo wa reli, Eugene Debs, alikwenda jela mwaka 1895 kwa sheria hiyohiyo. Imekuwaje? Na je, siku hizi chama cha wafanyakazi kinaweza kushtakiwa kwa ukiritimba?

Jibu: Ndugu msomaji, kisheria Debs hakufungwa kwa kugoma wala kwa kuhodhi soko. Alifungwa kwa kudharau amri ya mahakama. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa swali lako.

Mei 1894 wafanyakazi wa kampuni ya Pullman, iliyotengeneza mabehewa ya kulala pembezoni mwa Chicago, waligoma. Mishahara ilikuwa imekatwa kwa wastani wa robo hivi, huku kodi za nyumba za kampuni walimoishi zikibaki zilezile. Chama cha wafanyakazi wa reli kilichoongozwa na Debs kiliwaunga mkono: kuanzia tarehe 26 Juni wanachama wake walikataa kuhudumia treni yoyote yenye behewa la Pullman. Usafiri ukakwama sehemu kubwa ya nchi.

Mwanasheria Mkuu wa serikali, Richard Olney, aliyekuwa wakili wa makampuni ya reli kabla ya kushika wadhifa huo, alikwenda mahakamani. Tarehe 2 Julai 1894, miaka 4 kamili tangu Rais Benjamin Harrison atie saini Sheria ya Sherman, mahakama ya shirikisho mjini Chicago ilitoa amri ya zuio. Amri hiyo iliwakataza Debs na wenzake hata kuwashawishi watu wa reli waache kazi. Siku iliyofuata Rais Grover Cleveland aliamuru wanajeshi waingie Chicago, ingawa gavana wa Illinois, John Altgeld, hakuwaomba na alipinga vikali. Viongozi wa chama hawakuitii amri ya mahakama, wakaendelea kutuma simu za maandishi za kuhimiza mgomo. Debs akapewa miezi 6.

Sheria yenyewe iliruhusuje hayo? Kifungu chake cha kwanza kinaharamisha kila mkataba, muungano au njama ya kuzuia biashara baina ya majimbo. Kila. Wakati wa mjadala katika Seneti yalikuwepo mapendekezo ya kuwaondoa wazi wafanyakazi na wakulima, lakini maandishi yaliyopitishwa mwishoni hayakuwa na kinga hiyo. Watu wanaosimamisha treni kwa makubaliano ni muungano unaozuia biashara, kwa jinsi maneno yalivyokaa.

Hapa inabidi nirekebishe kidogo ulichosoma. Mahakama ya chini ndiyo iliyoegemea Sheria ya Sherman. Mahakama ya Juu, katika hukumu ya tarehe 27 Mei 1895, iliiweka kando bila kuikataa, ikasema serikali kuu ina mamlaka juu ya posta na biashara baina ya majimbo, kwa hiyo inaweza kuomba mahakama iondoe kizuizi chochote. Kwa wafanyakazi msimamo huo ulikuwa mbaya zaidi, maana hata Sheria ya Sherman ingefutwa kesho yake, mlango wa amri za zuio ungebaki wazi.

Sasa linganisha. Januari mwaka huohuo majaji walewale waliamua shauri la kampuni iliyodhibiti takriban asilimia 98 ya usafishaji wa sukari nchini Marekani. Wakasema kutengeneza bidhaa si kufanya biashara, na sheria haigusi viwanda. Jaji mmoja tu, John Marshall Harlan, alipinga. Kwa hiyo katika mwaka mmoja mhodhi wa sukari alitoka salama na kiongozi wa wafanyakazi akaingia jela. Siamini hili lilitokana na maandishi ya sheria peke yake. Olney hakuwa na imani na sheria hiyo dhidi ya makampuni, lakini dhidi ya mgomo aliitumia kwa nguvu zote. Wanafunzi wengi huuliza kama serikali iliingilia au haikuingilia. Mimi naona tuulize iliingilia kwa chombo gani na kwa ombi la nani.

Amri ya zuio ni chombo kikali kwa sababu hutolewa upesi, pengine kabla upande wa pili haujasikilizwa. Jaji aliyeitoa ndiye husikiliza shauri la kuidharau, na katika zama hizo alifanya hivyo bila baraza la wazee wa mahakama. Mgomo nao huishi kwa wakati. Ukisimamishwa wiki mbili, fedha za chama zimekwisha na watu wamerudi kazini, na ushindi wa rufaa baadaye hauwasaidii kitu.

Kwamba njia nyingine ilikuwepo, tuliona mwaka 1902. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Pennsylvania wapatao 147,000 waligoma tangu Mei, na baridi ilikuwa inakaribia. Rais Theodore Roosevelt aliwaita pande zote mbili tarehe 3 Oktoba, kisha ikaundwa tume ya usuluhishi. Machi 1903 tume iliwapa wachimbaji nyongeza ya asilimia 10 na saa pungufu za kazi. Chama chao hakikutambuliwa rasmi, na hilo ni pungufu kubwa, lakini hakuna aliyefungwa kwa kutuma simu ya maandishi.

Pigo zito lilikuja mwaka 1908, katika shauri la watengeneza kofia wa Danbury, Connecticut. Mahakama ya Juu ilitamka kwamba wito wa chama wa kususia kofia za mwajiri fulani unavunja Sheria ya Sherman. Mwajiri akadai fidia mara tatu ya hasara yake, dola 240,000, na wanachama wa kawaida wakabanwa kwa nyumba na akiba zao.

Bunge lilijibu mwaka 1914 kwa Sheria ya Clayton, iliyotamka kwamba kazi ya binadamu si bidhaa. Maneno mazuri, lakini mwaka 1921 majaji waliyafinya hadi yakabaki na nguvu kidogo sana. Kinga halisi ilipatikana mwaka 1932, Sheria ya Norris-LaGuardia ilipozinyang'anya mahakama za shirikisho uwezo wa kutoa zuio katika migogoro mingi ya kazi. Mwaka 1941 Mahakama ya Juu ikazisoma sheria hizo tatu pamoja.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Chama hakivunji Sheria ya Sherman kinapotetea maslahi yake bila kuungana na wasio wafanyakazi. Kikishirikiana na waajiri kuwafungia wengine soko, kinga inaondoka; biashara ya vifaa vya umeme ya New York ilizaa shauri la namna hiyo mwaka 1945. Zuio nalo halijafa: Sheria ya Taft-Hartley ya 1947 inaruhusu kusimamisha mgomo, au hatua ya waajiri ya kuwafungia wafanyakazi nje, kwa siku 80 kwa dharura ya kitaifa, na ilitumika mwaka 2002 waajiri walipofunga bandari za pwani ya magharibi. Waajiri wenyewe pia wanabanwa. Mwaka 2010 serikali ilifungua kesi ya madai dhidi ya makampuni kama Apple, Google na Intel kwa kukubaliana kutochukuliana wafanyakazi.

Mgogoro mkali leo ni wa madereva wa teksi za programu za simu. Makampuni yanasema ni wakandarasi wanaojitegemea, si waajiriwa. Wakiwa wakandarasi, kukubaliana bei kunaweza kuhesabiwa kuwa njama ya wafanyabiashara. Seattle ilipitisha sheria ndogo mwaka 2015 ili waweze kujadiliana kwa pamoja, lakini mwaka 2018 mahakama ya rufaa iliona haina kinga dhidi ya Sheria ya Sherman, kwa kuwa jimbo halikuwa likisimamia majadiliano hayo. Mwaka 2022 mahakama nyingine ya rufaa iliamua kwamba wapanda farasi wa mashindano wa Puerto Rico wana kinga hata kama ni wakandarasi, kwa sababu walichogombania ni malipo ya kazi yao. Hukumu hiyo inafunga eneo la mahakama hiyo tu, na Seattle haimo. Wapiga kura wa Massachusetts walipoidhinisha vyama vya madereva Novemba 2024, sheria yao iliweka majadiliano chini ya usimamizi wa jimbo lenyewe, kuziba tundu lililoiangusha Seattle.