Duara la milimita 18 kwenye agari, lakini MIC haisomeki: tatizo liko wapi

Mkuu, kwa faida ya wanaoingia sasa nifupishe swali lako. Una dondoo la majani lililotolewa kwa methanoli. Kwenye diski (kipande cha karatasi kilicholoweshwa dondoo na kuwekwa juu ya agari, jeli ya kuoteshea bakteria), kwa miligramu 200 kwa mililita, limetoa duara lisilo na bakteria la milimita 18 dhidi ya bakteria Staphylococcus aureus, na antibiotiki gentamisini imetoa 22. Ulipohamia kwenye sahani ya vishimo 96 kutafuta MIC, yaani kiwango cha chini kabisa kinachowazuia bakteria kukua, vishimo vyote vikawa na ukungu, yaani kioevu hakionyeshi ng'ambo. Msimamizi anataka kujua dondoo linafanya kazi au la.

Bado hujui, na hilo duara haliwezi kukuambia.

Piga hesabu. Diski moja hubeba mikrolita 20. Kwa ukali uliotumia, hizo ni miligramu 4, yaani mikrogramu 4,000 za dondoo. Diski ya gentamisini ina mikrogramu 10. Umelinganisha vitu vinavyopishana mara 400 kwa uzito, kisha ukaandika kwamba vinakaribiana. Hata uzito ungelingana, upana wa duara unategemea jinsi kitu kinavyosafiri ndani ya agari, ambayo karibu yote ni maji. Molekuli ndogo inayopenda maji hufika mbali hata ikiwa dhaifu, na terpeni yenye asili ya mafuta huganda palepale kwenye diski hata ikiwa kali. Agari ikimiminwa nyembamba kuliko milimita 4, duara linapanuka bila dawa kubadilika. Mimi diski naitumia kwa mchujo wa awali tu, na hata hapo kwa shingo upande.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye majani yenyewe, maana makosa ya huko hayarekebishiki mbele ya safari. Kausha kivulini penye hewa, au kwenye oveni isiyozidi nyuzi 40. Jani lisilokauka vizuri huota kuvu, na kuvu wana kemikali zao zinazoua bakteria. Utakuwa unapima kuvu ukidhani unapima mmea. Sampuli moja iliyobanwa na kukaushwa ipelekwe kwenye hebariamu (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ipewe namba, vinginevyo jina la mmea ulilonalo ni maneno tu. Andika tarehe ya kuchuma, sehemu ya mmea, na kama ulikuwa na maua. Mmea uleule ukichumwa msimu mwingine unaweza kukupa dondoo lenye kemia tofauti, na hapo ndipo wengi hushangaa kwa nini matokeo ya mwaka jana hayarudi.

Kutoa dondoo: gramu 100 za unga kwa lita 1 ya methanoli asilimia 80, tikisa saa 24 hadi 48 kwenye joto la chumba, chuja kwa karatasi ya Whatman namba 1, kisha vukiza kwa rotavepa (mashine inayovukiza kiyeyushi kwa kuzungusha chupa), maji ya beseni yasizidi nyuzi 40. Maji yaliyobaki yaondoe kwa kukausha kwenye baridi na ombwe, usiyachemshe. Suala la joto si urembo. Tu Youyou, mwanasayansi wa China, na wenzake, walipokuwa wakitafuta dawa ya malaria kwenye Artemisia annua, walipata matokeo yasiyotabirika hadi mwaka 1971 walipotoa dondoo kwa etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 hivi. Artemisinini, dawa waliyoipata humo, ina daraja la peroksaidi (oksijeni mbili zilizoshikana) ambalo joto hulivunja. Huenda mmea wako hauna kitu dhaifu namna hiyo, lakini ukichemsha mwanzoni hutakaa ujue. Na epuka plastiki laini kwenye hatua zote za kiyeyushi: methanoli na etha hung'oa vilainishi vya plastiki, na mwishoni utajikuta umegundua fthaleti (kilainishi cha plastiki) ya mpira wa maabara.

Tuje kwenye sahani, ambako ndiko tatizo lako lilipo.

Umesema uliyeyusha dondoo kwenye DMSO (kiyeyushi kinachochanganyika na maji) kisha ukazimua kwa midia (kioevu cha kulishia bakteria). Tazama kinachotokea dakika ile: DMSO inashikilia vitu vyenye mafuta, midia ni maji, na vikikutana vile vitu vinajitenga na kuwa chembe ndogo nyeupe kama maziwa yaliyoongezwa maji. Ukungu unaouona baada ya saa 18 huenda ulikuwepo kabla bakteria hawajaingia. Ongeza na ukijani wa klorofili kwenye vishimo vya mwanzo, jicho halina cha kusoma hapo. Ndiyo maana kila sahani ya dondoo inahitaji mstari wenye dondoo bila bakteria. Bila mstari huo sahani nzima ni bahati nasibu.

Panga hivi. Mistari A, B na C ni dondoo pamoja na bakteria. D ni dondoo bila bakteria. E ni DMSO peke yake na bakteria. F ni gentamisini na bakteria. G na H jaza maji safi kupunguza ukaukaji. Safu wima ya 1 hadi 10 ni mzimuo wa nusu nusu, ya 11 ni midia na bakteria tu, ya 12 ni midia tupu.

Tengeneza akiba ya dondoo ya miligramu 100 kwa mililita ndani ya DMSO. Chukua mikrolita 20, weka kwenye mikrolita 980 za midia ya Mueller-Hinton (ile iliyorekebishwa kalsiamu na magnesiamu). Hapo una miligramu 2 kwa mililita na DMSO asilimia 2. Weka mikrolita 100 za midia kwenye safu ya 2 hadi ya 12, na safu ya 1 ipokee mikrolita 200 za dondoo. Hamisha mikrolita 100 kutoka 1 kwenda 2, changanya kwa pipeti mara tano au sita, badilisha ncha, endelea hadi ya 10, kisha mwaga mikrolita 100 za mwisho. Usipobadilisha ncha, mabaki ya dondoo zito yanabebwa kwenda mbele na MIC yako inaonekana nzuri kuliko ilivyo. Mstari E ufanye vivyo hivyo kwa midia yenye DMSO asilimia 2, na F anza na gentamisini ya mikrogramu 32 kwa mililita.

Bakteria: chukua makoloni ya sahani ya usiku mmoja, koroga kwenye saline (maji ya chumvi) hadi ukungu ulingane na McFarland 0.5 (kipimo sanifu cha ukungu wa bakteria). Kwenye spektrofotometa, kwa nanomita 625, inatakiwa isome kati ya 0.08 na 0.13. Hapo una takriban seli milioni 150 kwa mililita. Zimua mara 150, yaani mililita 0.1 kwenye mililita 14.9 za midia, upate milioni 1. Weka mikrolita 100 kwenye kila kishimo kinachostahili (D na safu ya 12 zinapata midia tupu), na kila kitu kinazimuka nusu: bakteria laki 5 kwa mililita, DMSO asilimia 1 kwenye safu ya 1, dondoo kuanzia mikrogramu 1,000 kushuka hadi karibu 2. Usiiache saline yenye bakteria mezani ukaenda kunywa chai. Itumie ndani ya dakika 15.

Kuna hatua ambayo karibu kila mtu anairuka na inachukua dakika mbili. Mara baada ya kuweka bakteria, toa mikrolita 10 kwenye kishimo kimoja cha safu ya 11, weka kwenye mililita 10 za saline, kisha sambaza mikrolita 100 kwenye agari. Kesho yake utegemee makoloni kama 50. Ukiona 500, bakteria walikuwa mara kumi zaidi, na MIC iliyopanda si kosa la dondoo.

Funika sahani, weka ndani ya boksi lenye kitambaa kibichi, nyuzi 35 hadi 37, saa 16 hadi 20. Kisha weka kila kishimo mikrolita 30 za resazurini ya asilimia 0.015 (miligramu 15 kwenye mililita 100 za maji, iliyochujwa na kukingwa na mwanga) na subiri saa moja au mbili. Bakteria walio hai huigeuza kutoka bluu kuwa waridi. MIC ni kishimo cha mwisho kilichobaki bluu.

Kabla ya kusoma A, B na C, soma kontroli (mistari na safu za kulinganishia) kwanza. F: gentamisini dhidi ya S. aureus ATCC 29213 (aina sanifu ya kupimia) inatakiwa isimame kati ya mikrogramu 0.12 na 1, yaani kati ya kishimo cha 8 na cha 5. Ikitoka nje ya hapo, tupa sahani, hata kama dondoo limependeza. E ikionyesha kuzuia, ni DMSO iliyofanya kazi. Ya 12 ikiwa waridi, midia ina uchafu. Na D ikigeuka waridi bila bakteria kuna mambo mawili: ama dondoo halikuwa safi, ama dondoo lenyewe linageuza rangi. Polifenoli (kemikali za mimea, tanini zikiwemo) hufanya hivyo sana. Kutofautisha, dondosha mikrolita 10 za D kwenye agari. Isipoota kitu, ni kemia na resazurini haikufai. Acha rangi, dondosha mikrolita 10 za kila kishimo kwenye agari na usome huko (hapo unasoma kiwango kinachoua, si MIC). Kwa bakteria laki 5 kwa mililita za kuanzia, makoloni 5 au pungufu maana yake asilimia 99.9 au zaidi wamekufa.

Ukitaka kuchuja dondoo ili liwe safi, usipitishe DMSO kwenye kichujio cha selulosi asetati au selulosi nitrati. Kinayeyuka. Tumia kichujio cha PTFE (plastiki ya Teflon) kinachokubali maji.

Kuhusu marudio: A, B na C ni mkono wako mmoja siku moja. Zinapima pipeti, hazipimi mmea. Unahitaji siku tatu tofauti na bakteria wapya kila siku, na ukiweza, dondoo lililotolewa upya. Na usichukue wastani wa kawaida wa 125, 125 na 250 ukaandika 166.7 na mkengeuko wake. Mzimuo unaruka mara mbili mbili, kwa hiyo andika thamani iliyojirudia zaidi pamoja na masafa (ya chini kabisa hadi ya juu kabisa). Tofauti ya hatua moja ni ya kawaida.

Ukipata chini ya mikrogramu 100 kwa dondoo ghafi, endelea nalo. Kati ya 100 na 1,000 ni la kufikiria. Juu ya 1,000 mimi ningeacha, hata kama duara lilikuwa kubwa kama sahani ya chai.

Kabla ya kukimbilia kutenganisha kemikali, pima sumu kwa seli za mamalia, na hapo mtego wa rangi unarudi kwa sura nyingine. MTT, rangi ya kupimia seli hai, nayo hugeuzwa rangi na polifenoli bila seli, kwa hiyo seli zilizokufa zinasomeka kama hai. Osha seli kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) mara mbili kabla ya kuweka MTT, na weka vishimo vya dondoo na MTT bila seli. DMSO hapa isizidi asilimia 0.5. Gawanya kiwango kinachoua nusu ya seli kwa MIC. Ikitoka chini ya 10, huenda una saponini inayochana kila utando inaoukuta, au tanini inayonasa kila protini. Tikisa dondoo ndani ya maji uone povu linalodumu, na dondosha feri kloraidi uone bluu nyeusi au kijani nyeusi. Majaribio ya dakika kumi yanayookoa miezi.

Kwenye kutenganisha usiwe na haraka ya kukimbilia silika (unga wa silika jeli wa kutenganishia kemikali). Anza kwa kugawanya kati ya heksani, ethili asetati, butanoli na maji, pima MIC ya kila sehemu, na pima pia jumla ya uzito uliorudi. Uwezo ukipotea kotekote, changanya sehemu zote kwa uwiano wake wa awali upime tena. Ukirudi, vitu vinasaidiana. Usiporudi, kitu chenye uwezo kimeharibika au kimepotea njiani.

Anza na sahani moja yenye mstari D. Ukishaisoma, weka hapa picha kabla na baada ya resazurini, pamoja na idadi ya makoloni ya safu ya 11, tuangalie.