Nimechaguliwa kusemea wagonjwa, lakini nakunywa chai tu

SWALI: Sista, nina miaka 52, naishi Kayole, na sukari ninayo tangu 2014. Mwaka jana tuliitwa kwa chifu nikachaguliwa niwakilishe wagonjwa kwenye kamati ya kituo chetu cha afya. Nimehudhuria vikao vitatu. Tunasomewa mpango wa matumizi haraka haraka, tunakunywa chai, tunatia sahihi. Nilipotaja kwamba dawa za sukari hatuzipati niliambiwa, "Mama, hayo ni yako binafsi." Nifanyeje?

JIBU: Mama, huyo alikukosea heshima, ila tumia neno lake. Ukisema "sipati dawa", wanamwona mgonjwa mmoja mwenye kinyongo. Jaribu hivi: "Jumanne tulikuwa 31 kliniki ya sukari, na 19 tuliambiwa tukanunue nje." Uone nani atakuambia ni yako binafsi.

Kwa hiyo nunua daftari, ukakae foleni hata siku ambayo huna kliniki. Mimi niliuguza miaka 27 nikidhani nakijua kituo changu kama kiganja, hadi nilipostaafu nikalikalia lile benchi kwa ajili ya presha. Nilimwona kijana kiziwi akipitwa na zamu mara mbili, maana majina huitwa kwa sauti. Halafu choo. Unapewa kikopo cha mkojo, unaingia, mlango hauna komeo. Nilichuchumaa mguu mmoja ukiuzuia mlango, kikopo mkononi, mkoba nimeuuma kwa meno. Na vikopo hivyo ni mimi niliyekuwa nikiwagawia wanawake miaka yote hiyo!

Daftari likijaa, pambanua shida kwa mfuko unaozilipia. Komeo na namba za foleni zimalizwe hapo hapo kwenu, kwa kuwa sheria ya 2023 inaviruhusu vituo vya umma kubaki na pesa vinazokusanya. Ule mpango mnaosomewa haraka haraka ndio wenyewe. Omba nakala siku chache kabla ya kikao, na usitie sahihi usichokisoma.

Dawa ni suala la bajeti ya kaunti, na hapo kinachotuponza ni kalenda. Watu hujazana kutoa maoni mwezi Mei, wakati makadirio yalishafikishwa bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha; kilichobaki ni kuhamisha vijisenti. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa huko kufikia tarehe 1 Septemba. Basi maandishi yako yawe mezani kwa mwakilishi wadi na kwa wakubwa wa afya wa kaunti ndogo mwezi Julai, nakala yako ikiwa imepigwa muhuri. Ukitaka kujua dawa kiasi gani zililetwa na ukazungushwa, andika barua ukitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016: wana siku 21 za kukujibu. Taja pia Kifungu cha 196 cha Katiba, kinacholitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Taja kwa upole. Ukipaza sauti watashughulika na sauti yako.

Wapo pia wasiofika benchini kabisa, kama mzee aliyepooza ghorofa ya nne na binti aliyeacha kazi amwangalie. Mhudumu wa afya ya jamii anaijua milango hiyo. Fuatana naye asubuhi moja.

Na urudi kwa waliokutuma, uwaambie lipi limekubaliwa na lipi limekataliwa. Wengi wetu hapa ndipo tunapoingia mitini.

Kwetu nilimpa mwakilishi wetu ile habari ya choo, na komeo likawekwa baada ya vikao viwili. Namba za foleni bado tunazingoja. Yule kijana siku hizi huwahi alfajiri akakaa ubavuni mwa dirisha, macho kwenye midomo ya sista.