Kuipenda raga ya ligi ukiwa Mbeya: niliyojifunza tangu mwaka 2022

Hapa Mbeya mtu akisema kwamba ni shabiki, anayemsikiliza huelewa mpira wa miguu kabla mchezo wenyewe haujatajwa. Tuna Uwanja wa Sokoine, tuna Mbeya City na Tanzania Prisons, na siku ya Simba na Yanga hata wauza viazi wa Uyole hufunga hesabu mapema. Nimekulia katika hayo na sijayaacha. Lakini tangu mwishoni mwa mwaka 2022 nimekuwa pia shabiki wa raga ya ligi, mchezo ambao mtaani kwetu Mwanjelwa hakuna aliyekuwa akiujua, na kwa kuwa watu kadhaa wameniuliza inawezekanaje kuupenda mchezo wa mbali kiasi hicho bila kuuchoka baada ya wiki mbili, nimeona niwaandikie yale yaliyonisaidia, pamoja na lile lililoniharibikia.

Jina lenyewe ndilo kikwazo cha kwanza. Kwetu ligi ni mashindano, kwa hiyo ukisema "raga ya ligi" mwenzako anadhani unazungumzia ligi ya raga, naye ana haki ya kudhani hivyo. Raga ziko mbili. Ile ya yunioni ina wachezaji 15 kila upande, na ndiyo inayochezwa na majirani zetu wa Kenya na Uganda, na ndiyo iliyowapa umaarufu Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini. Ile ya ligi ina wachezaji 13, sheria zake ni nyingine, vilabu vyake ni vingine, na nyumbani kwake ni kaskazini mwa Uingereza, mashariki mwa Australia, New Zealand, sehemu za kusini mwa Ufaransa, na Papua New Guinea, ambako ndiyo mchezo wa taifa. Mweleze mtu jambo hilo mapema, kabla hajaanza kukuuliza habari za Springboks.

Mimi niliingia kupitia kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayefanya kazi ya kuwatunza wazee katika mji wa Hull. Katika ujumbe wake wa sauti alinieleza kwamba mji ule umekatwa na mto, na kwamba kwa desturi watu wa magharibi ya mto ni wa Hull FC, weusi na weupe, na watu wa mashariki ni wa Hull Kingston Rovers, wekundu na weupe, na kwamba wakikutana siku ya Ijumaa Kuu hata wazee anaowahudumia hawasalimiani vizuri. Nilielewa mara moja, maana nimezaliwa katika nyumba ambayo baba ni Simba na mama ni Yanga. Kisha akataja barabara kuu anayopita na basi kuingia mjini, iitwayo Clive Sullivan Way, nami nikataka kujua huyo Sullivan alikuwa nani hata barabara ikapewa jina lake.

Clive Sullivan alikuwa mtu mweusi kutoka Cardiff, aliyecheza winga katika vilabu vyote viwili vya Hull, jambo ambalo ni gumu sana katika mji wenye uhasama wa namna ile. Mwaka 1972 aliiongoza Great Britain akiwa nahodha kwenye Kombe la Dunia lililofanyika Ufaransa, na alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Great Britain katika mchezo wowote. Fainali dhidi ya Australia, iliyochezwa Lyon, iliisha 10 kwa 10. Katika fainali hiyo Sullivan aliukimbiza mpira karibu urefu wote wa uwanja hadi akafunga, na Great Britain wakachukua kombe kwa sababu ya matokeo yao ya awali. Alifariki mwaka 1985 akiwa bado na umri mdogo. Nilipomaliza kusoma habari zake sikuwa bado nimetazama hata mechi moja, lakini nilikuwa nimeshaingia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usianze na sheria wala na msimamo wa ligi. Anza na mtu, au na mji, kisha uchague timu moja na ubaki nayo. Wapo wanaochagua bingwa. Ukifanya hivyo utaichukua Penrith Panthers ya Australia kwa sababu ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2021 hadi 2024, na siku itakapoanza kufungwa hutakuwa na sababu ya kuendelea kuitazama. Mimi nilichukua Hull Kingston Rovers kwa kuwa dada anaishi upande wa mashariki, na wakati ule ilikuwa timu ambayo haijatwaa kombe kubwa tangu mwaka 1985.

Jambo la pili ni kujua mchezo ulitoka wapi, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo penye kiini cha mapenzi yangu. Katika karne ya 19 raga ilikuwa moja, na iliongozwa na watu wa London waliosisitiza kwamba mchezaji asilipwe hata senti. Kwa mtu mwenye mali hilo halikuwa tatizo. Kaskazini, hata hivyo, wachezaji walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda, watu waliofanya kazi hadi Jumamosi, na kila aliyekwenda kucheza alikatwa ujira wa saa alizokosa kazini. Vilabu vya kaskazini viliomba ruhusa ya kuwafidia fedha hizo tu, vikakataliwa. Tarehe 29 Agosti 1895 wawakilishi wa vilabu zaidi ya 20 walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield wakaanzisha chama chao, na mchezo ukagawanyika hadi leo. Kibarua wa mashamba ya chai ya Mufindi au Rungwe hahitaji kuelezwa maana ya kukosa siku na kukatwa. Nilipomsimulia jambo hilo jirani yangu, mzee fundi cherehani ambaye meza yake iko hatua chache kutoka duka langu la vifaa vya ofisi, aliweka mkasi chini akasema, "Mwanangu, hao ni watu kama sisi. Nionyeshe hiyo raga yao."

Hivyo ndivyo nilivyopata mwenzangu, na sidhani kama ningedumu bila yeye. Mchezo usiochezwa unapoishi haukufuati, haumo katika mazungumzo ya kwenye bajaji, haumo redioni asubuhi, na usipokuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia "umeona?", hamu hufa yenyewe. Si lazima wawe wengi. Mmoja aliye karibu anatosha, na ni afadhali awe mtu unayeonana naye kila siku kuliko kundi la watu mia usiowajua kwenye simu.

Sheria tulijifunza pamoja, na mzee ndiye aliyegundua njia bora kuliko zote nilizosoma. Timu yenye mpira hupewa nafasi ya kukabwa mara sita. Mchezaji akikabwa na kuangushwa, husimama, huweka mpira chini na kuusukuma nyuma kwa mguu ili mwenzake auchukue, huku wapinzani wakitakiwa kurudi nyuma meta 10. Akikabwa mara ya sita, mpira unakwenda kwa wapinzani; ndiyo maana baada ya mara ya tano timu nyingi huupiga mpira mbali kwa mguu au huupiga juu karibu na mstari wa goli la wapinzani ili waugombanie. Mzee alichukua chaki yake bapa ya kushonea akawa anachora mstari mmoja kwenye ubao wa meza kila mtu anapokabwa, na mpira unapobadilisha mikono anaufuta ubao kwa kiganja. Katika mechi ya tatu alikuwa akisema "sasa watapiga" kabla mtangazaji hajasema. Hesabu hiyo ndiyo moyo wa mchezo: ukiweza kuhesabu hadi sita, utaelewa kwa nini timu inaharakisha, kwa nini inatulia, na kwa nini kosa la mara ya pili linauma kuliko kosa la mara ya tano. Mengine yanakuja yenyewe, kwamba trai, yaani kuulaza mpira nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, ni pointi 4, na mkwaju wa baada ya trai ni 2 sawa na wa penalti.

Kuhusu saa, sisi wa huku tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Mechi za usiku za Australia huchezwa kwetu ikiwa mchana: mechi za State of Origin, zinazokutanisha majimbo ya Queensland na New South Wales tangu mwaka 1980, huanza kwetu muda mfupi baada ya saa saba mchana, siku ambayo mara nyingi ni Jumatano, yaani wakati wa chakula kabisa. Mechi za Ijumaa usiku za Super League, ligi kuu ya raga ya ligi ya Uingereza, huanza kwetu saa nne usiku wakati wa majira yao ya joto, na zile za Jumamosi alasiri huangukia saa kumi na moja jioni. Katika baridi ya Juni na Julai ya hapa, mechi ya saa nne usiku inataka blanketi na chai ya tangawizi, lakini haimzuii mtu kuamka kwenda kazini.

Kutazama kwenyewe kunagharimu bando. Ligi zote mbili kubwa, ya Australia na ya Uingereza, zina huduma za kulipia kupitia intaneti, na muhtasari wa mechi hupatikana YouTube bila malipo. Nashauri miezi ya mwanzo utazame muhtasari tu, kwa picha ya kiwango cha chini, na uweke fedha kwa ajili ya mechi chache utakazotazama nzima: Origin, mechi ya Ijumaa Kuu ya Hull, na fainali ya Super League, ambayo karibu kila Oktoba tangu 1998 huchezwa Old Trafford, uwanja uleule wa Manchester United ambao kila mtu mtaani anaujua.

Sasa nieleze lililoharibika. Katika mwaka wangu wa kwanza, kwa furaha niliyokuwa nayo, nilimwomba mwenye kibanda umiza mmoja aonyeshe mechi ya raga Jumamosi jioni kwenye mojawapo ya runinga zake mbili, nami nikamlipa. Ikatokea kwamba runinga ya pili ikaleta hitilafu wakati mechi ya mpira wa Uingereza ikiendelea, na watu waliokuwa wamelipa shilingi 500 zao wakajikuta wanatazama wanaume wakiangushana huku mpira wao haupo. Walikasirika, na walikuwa na haki. Nilirudisha fedha za baadhi yao kutoka mfukoni mwangu, na kwa muda mrefu raga mtaani kwetu ilijulikana kuwa ni ule mchezo uliotunyima mechi. Tangu siku hiyo sijaribu kumpa mtu raga kwa kumnyang'anya alichokuja kukitazama, wala sisemi kwamba mchezo huu ni bora kuliko mpira wa miguu. Anayetaka kuona anakuja kwenye meza ya mzee.

Waliokuja kwa wingi zaidi ni watoto, na hilo sikulitarajia. Waliona chaki, wakauliza, wakaonyeshwa trai moja. Wiki iliyofuata walikuwa wametengeneza mpira wao wa nailoni na kamba, kama wanavyotengeneza wa chandimu, isipokuwa walikuwa wameuvuta ukawa mrefu kama parachichi. Hapo ni lazima mtu mzima awe mwangalifu: uwanja wetu ni wa changarawe, na mtoto akiangushwa juu yake ataumia. Tuliwafundisha raga ya kugusa, ambayo chimbuko lake ni mazoezi ya wachezaji wa raga ya ligi huko Sydney, ambapo kumgusa mwenye mpira ni sawa na kumkaba. Mguso sita, mpira unakwenda upande wa pili. Wasichana na wavulana hucheza pamoja, na anayeshinda mara nyingi ni mwenye akili ya kupiga pasi, hata kama ni mdogo wa mwili.

Tarehe 7 Juni 2025 Hull Kingston Rovers walicheza fainali ya Challenge Cup, kombe la mtoano la Uingereza, dhidi ya timu ya Warrington katika uwanja wa Wembley. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja jioni. Tuliiegemeza simu kwenye cherehani, mimi, mzee, na watoto wanne waliosimama nyuma yake. Zikiwa zimebaki dakika chache Rovers walikuwa nyuma 6 kwa 2, na mzee aliacha kuchora, akawa ameishika chaki tu mkononi. Kisha mpira ukapigwa chini kwa mguu kuelekea mstari, Tom Davies akauwahi akaulalia, 6 kwa 6, na Mikey Lewis akapiga mkwaju ukapita katikati ya milingoti. Nane kwa sita. Kombe kubwa la kwanza baada ya miaka 40. Dada alinipigia kutoka Hull akilia, nikampa mzee simu waongee, ingawa hawajawahi kuonana, na mzee akamwambia, "Ndaga, mwanangu, ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kana kwamba dada ndiye aliyefunga. Oktoba mwaka huohuo waliishinda Wigan 24 kwa 6 pale Old Trafford, wakawa mabingwa.

Kombe la Dunia la raga ya ligi limepangiwa Australia, pamoja na baadhi ya mechi Papua New Guinea, Oktoba na Novemba 2026, na saa za kule zitafanya mechi nyingi zituangukie asubuhi na mchana. Mzee ameshaniomba nimwandikie ratiba kwenye karatasi kubwa ili aibandike ukutani, ajue ni siku zipi asiwaahidi wateja nguo zao.