Laptopu Haioni Wi-Fi? Anza na Namba ya Chipu
Wadogo zangu mnaoanza ufundi, mimi niliumbuka kwenye laptopu niliyotoka kuipiga Windows upya. Wi-Fi ikapotea. Nikashusha programu moja inayojitapa kutafuta draiva zote yenyewe (draiva ni programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa). Ikaniletea matangazo na kivinjari ambacho sikukiomba, Wi-Fi ikabaki vilevile. Bando langu likaisha, mteja yuko kwenye benchi ananitazama.

Siku hizi sishushi kitu kabla sijaijua chipu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, ingia Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta. Ukikuta Network Controller (kifaa cha mtandao) ina alama ya njano, ibofye mara mbili, usome msimbo wa hitilafu. Msimbo 28 maana yake draiva haipo. 22, mtu ameizima tu, iwashe umalize. Ikiwa ni 28, fungua Details, chagua Hardware Ids. Utaona mstari mrefu wa kutisha. Wewe soma VEN na DEV basi. VEN ni kampuni iliyotengeneza chipu. VEN_8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Qualcomm Atheros. DEV ndiyo inayotaja chipu yenyewe. Adapta za Wi-Fi za kuchomeka USB huandika VID (kampuni) na PID (kifaa chenyewe), na VID ya 0BDA ni Realtek. Jina la kwenye boksi msilitegemee sana: kiwanda huweza kubadilisha chipu ndani, modeli ikabaki ileile.

Intaneti ya kushushia draiva? Chomeka simu ya Android kwa waya, washa USB tethering, yaani simu iigawie kompyuta intaneti. Windows 10 kwa kawaida huitambua. Simu nyingi zikiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini hupitisha hiyohiyo, bando lako likapona.

Halafu kuna vile viadapta vidogo vinavyojitokeza kama CD. Draiva imo humohumo. Isakinishe, kisha bofya Eject ndipo kigeuke kuwa Wi-Fi. Nimeona watu wakivirudisha dukani wakidhani ni vibovu.

Wi-Fi ikikatika kila baada ya dakika chache, ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme, ipo kwenye Power Management ya adapta hiyo ndani ya Device Manager. Na mteja akilalamika haioni mtandao wa 5 GHz, fungua Command Prompt, andika netsh wlan show drivers. Vikitajwa viwango vya Wi-Fi vya 802.11b, g na n tu, bila a wala ac, adapta hiyo ni ya 2.4 GHz. Mwambie anunue nyingine.