Ndoa ya dini mbili, mchumba yuko Uingereza: tulivyopita bomani kabla ya kuomba viza

Dada, nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kuandika. Wewe ni Mwislamu, uko Dodoma, una miaka 27. Mchumba wako ni Mlutheri, yuko Manchester na ana uraia wa Uingereza. Mnafikiria kwenda Nairobi mfunge ndoa kimyakimya, muombe viza ya mwenza, wazazi waje kuambiwa ukishafika kule. Tena kuna aliyekushauri mmoja wenu abadili dini "kwenye karatasi tu" ili mambo yaende haraka. Umeitaja pia viza ya uchumba. Mimi nimepita njia inayofanana na hiyo kati ya 2023 na 2024. Nitakueleza tulivyofanya, na pale ambapo mzigo wako ni mzito kuliko ulivyokuwa wangu nitasema.

Nairobi kwanza, maana hapo jibu ni fupi. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka siku 21. Ndoa ya Kiislamu kule ni ya watu wawili wanaokiri Uislamu, kwa hiyo kama hakuna anayebadili dini mtaishia kwa msajili wa serikali, sawasawa na bomani kwetu. Mtakuwa wageni wote wawili, kila mmoja akitakiwa kuthibitisha kwamba hana ndoa nyingine, huku mnalipa nauli na malazi. Mnachonunua Nairobi ni usiri peke yake, na usiri huohuo ndio utakaokutesa kwenye viza.

Nasema hivyo kwa sababu Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza haiangalii cheti tu. Inataka kuona kwamba mmewahi kuonana ana kwa ana, kwamba uhusiano ni wa kweli, na kwamba mnakusudia kuishi pamoja. Sasa fikiria ofisa anafungua faili: ndoa nchi ya tatu, hakuna ndugu hata mmoja kwenye picha, hakuna barua ya mzazi, bibi harusi karudi kwao wiki hiyohiyo kana kwamba hakuna kilichotokea. Kila kitu kinaweza kuwa cha kweli kabisa, na bado mkalazimika kueleza kwa kurasa nyingi jambo ambalo picha moja ya mama yako ingelimaliza.

Sisi ilikuwa hivi. Mimi ni Mkatoliki, kwetu ni Morogoro. Mume wangu ni Mwislamu wa Tanga, alikwenda Uingereza kusoma, akabaki, akapata uraia. Posa ilipoletwa, baba hakukataa, ila alisema, "Mwanangu, nataka kujua utaolewa kwa utaratibu gani, na utakuwa nani baada ya hapo." Wakati ule nililiona swali la mzee wa zamani. Baadaye niligundua kwamba fomu zote za viza zilikuwa zinauliza jambo lilelile kwa maneno mengine.

Upande wa Tanga, baba mdogo wa mume wangu alitoa wazo lile ulilopewa wewe: silimu, ufungishwe nikaha, moyoni ubaki unavyotaka. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kutusaidia. Nilikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza, shahada si fomu ya kujaza. Niliona aibu kuitamka mbele ya watu wanaoiamini huku mimi siimaanishi, na huyo mume wangu ni mmoja wao. Kama ningeamini, ningesilimu mchana kweupe na kumwambia mama mwenyewe. Ya pili ilitokana na yaliyompata rafiki yangu. Alisilimu kwa haraka hivyohivyo, cheti cha ndoa kikaandikwa jina lake jipya, pasipoti na cheti cha kuzaliwa vikabaki na jina la ubatizo. Ilibidi atafute hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, abadili pasipoti, kisha aeleze kwa kiapo kwamba watu hao wawili ni yeye mmoja. Karibu mwaka mzima ulikwenda hapo.

Nikaenda kwa paroko. Nilidhani atanifukuza, lakini alinikalisha akanieleza kwamba ndoa kati ya Mkatoliki na asiyebatizwa inawezekana kwa kibali cha askofu. Askofu anaweza pia kuruhusu ifungwe mbele ya msajili wa serikali badala ya altareni. Kanisa linataka Mkatoliki aahidi kuilinda imani yake na kufanya awezalo watoto wabatizwe na kulelewa katika imani hiyo. Mwenzake hatakiwi kuahidi, ila lazima aambiwe. Tena akaniambia jambo ambalo sikulijua: kibali kikitoka, hairuhusiwi kufanya ibada nyingine ya dini ya kufunga ndoa hiyohiyo, iwe kabla au baada.

Usiku ule nilimpigia mume wangu, wakati huo mchumba, nikamsomea ile ahadi neno kwa neno. Alinyamaza kwa muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Nipe siku chache." Zikawa wiki tatu. Tulichoafikiana kuhusu watoto ni cha kwetu na sitakiandika hapa, lakini tulikiafiki kabla ya cheti, na baba zetu wote wawili walikisikia kutoka vinywani mwetu. Dada, kama hamjafanya mazungumzo hayo, acheni kwanza habari ya viza.

Ikabaki nikaha. Tanga walikuwa wanaingoja, na mimi kibali changu kinaikataza. Aliyetutoa hapo ni mjomba wa mume wangu, sheikh, mtu mzima sana. Alisema atakuja bomani kusikiliza kabla ya kusema neno. Siku yenyewe alikaa mstari wa mbele na kanzu yake, fimbo katikati ya magoti. Kabla hatujaitwa alimgeukia baba akamwuliza taratibu, "Mzee mwenzangu, unamwoza binti yako kwa ridhaa yako?" Baba akasema ndiyo. Akauliza mahari, akatajiwa. Mashahidi wa bwana harusi walikuwa wanaume wawili, wote Waislamu. Msajili alipomaliza, ndugu wakamzunguka sheikh kumwuliza tunakwenda wapi kwa ajili ya nikaha. Akawajibu, "Mwenye kuoza nimemsikia, mashahidi nimewaona, wamekubaliana mbele yangu. Mnataka nirudie nini?" Jioni alikuja nyumbani akaomba dua, paroko naye akaomba sala ya chakula, tukala. Najua masheikh wengine wangesema vingine, na siwasemei. Kwetu ilitosha.

Faida yake kwenye viza ni kubwa kuliko inavyoonekana: tuna cheti kimoja na tarehe moja. Nimeona watu wana nikaha ya mwezi wa tatu, bomani ya mwezi wa nane, baraka kanisani mwaka uliofuata, halafu kwenye fomu mume ameandika tarehe hii na mke ile. Kama mna sherehe zaidi ya moja, chagueni ipi ndiyo ndoa kisheria, muitumie hiyo kila mahali, na hizo nyingine mzieleze waziwazi kwenye barua ya maelezo.

Kwenye fomu ya taarifa ya bomani mtaulizwa kama ndoa ni ya mke mmoja au ya wake wengi. Sisi tuliandika mke mmoja. Kwa anayesoma hapa na ana ndoa ya Kiislamu: sheria yetu huihesabu kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo mpaka ithibitishwe vingine, na hilo peke yake halikuangushi Uingereza ikiwa hakuna mke mwingine. Tatizo ni pale ambapo mke mwingine yupo, au ndoa ya kwanza haikuisha inavyotakiwa. Chukua mtu aliyeoa kule kwa msajili, akaachana na mkewe kwa talaka mbele ya wazee. Talaka ile haiivunji ndoa ya serikali. Inavunjwa na mahakama, na ile amri ya mwisho ya mahakama ndiyo inayoambatishwa. Mwulize mchumba wako swali hili hata kama unaona haya.

Kuhusu muda, kalenda ilitubana. Kiwango cha kipato cha mwenza aliye Uingereza kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka, kikatangazwa kupanda hadi 29,000 kuanzia 11 Aprili 2024. Kila mtu akatuhimiza tuwahi. Lakini kibali cha askofu kilikuwa hakijatoka, Kwaresima ikaanza 14 Februari, kabla haijaisha Ramadhani ikaingia, na hakuna mzazi wa upande wowote aliyekuwa tayari kufanya harusi ndani ya mifungo. Idi ikawa 10 Aprili. Kesho yake kiwango kipya kikaanza. Tukaoana Alhamisi ya tarehe 18. Mshahara wa mume wangu ulikuwa umeivuka ile 29,000 kidogo tu, nashukuru Mungu, lakini hata usingeivuka ningengoja aongeze saa za kazi kuliko kuwakimbia wazazi.

Taarifa yetu ilibandikwa ubaoni pale bomani kwa pini mbili, chini ya tangazo la mnada wa pikipiki. Siku ya nne mama mmoja wa jumuiya yetu aliiona, akampigia mama akidhani anamfikishia habari mbaya. Mama akamwambia, "Naijua, na kadi yako ya mchango iko hapa mezani, njoo uichukue." Wewe unataka kufanya siri, na ubao ule unasomwa na kila mtu. Mtu yeyote anaweza kuleta pingamizi, ila lazima aonyeshe kizuizi kinachotambuliwa na sheria, na tofauti ya dini si kizuizi kwa ndoa ya serikali. Pia ukishatimiza miaka 18 sheria haidai idhini ya baba. Haya ni ya Tanzania Bara, Zanzibar wana utaratibu wao.

Mambo ya faili nayapitia haraka. Tuliomba Juni 2024. Ada ilikuwa pauni 1,846, na ya huduma za afya pauni 3,105, yaani 1,035 kwa kila mwaka. Aprili 2025 hiyo ya kwanza ilipanda hadi 1,938, kwa hiyo angalia kiwango cha siku utakayolipa. Hati za mshahara na za benki za miezi sita, mtihani wa Kiingereza wa A1, yaani ngazi ya mwanzo, wa kuongea na kusikiliza, kipimo cha kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa. Kila kilichoandikwa kwa Kiswahili kinatafsiriwa, na mfasiri anaandika kwamba tafsiri ni sahihi, anaweka tarehe, jina kamili, sahihi na mawasiliano yake. Tulichagua kurasa 14 za WhatsApp kati ya maelfu, nyingi zikiwa za "umekula?" na "bado niko kazini", pamoja na ule usiku wa ahadi ya watoto. Kwenye barua ya maelezo tuliandika kwamba dini zetu ni mbili, kwamba baba yangu mkubwa alikataa kuja harusini kwa sababu hiyo, na ndiyo maana hayumo kwenye picha. Viza ilitoka baada ya miezi minne na siku kadhaa, bila swali.

Viza ya uchumba unayoitaja ipo: unaingia, mnaoana kule ndani ya miezi sita, kisha mnaomba upya na kulipa upya, na muda wote huo huruhusiwi kufanya kazi. Harusi yako ingefanyika mbali na kwenu. Mimi nisingeichagua.

Sasa uzito wako. Kwangu mwanamume ndiye Mwislamu, na sheikh alikuwa na pa kusimamia. Kwako mwanamke ndiye Mwislamu, na wanazuoni walio wengi hawaikubali ndoa hiyo. Hakuna mjomba atakayekutatulia hilo mlangoni mwa boma, na sitakudanganya kwamba maneno mazuri yatamlainisha baba yako. Inawezekana asije. Lakini asiyekuja kwa kuwa alikataa ni tofauti na asiyekuja kwa kuwa alifichwa. Wa kwanza unaweza kumpigia simu siku ya Idi, hata kama hatapokea mwaka wa kwanza.

Ningekuwa wewe ningeanza na mama, nikiwa na mtu mzima mmoja anayeheshimiwa na baba, kabla mchumba hajakata tiketi. Mwambie mchumba naye aje mapema akajitambulishe mwenyewe, asiishie kutuma mshenga. Mkishapata tarehe ya kupeleka taarifa bomani, rudi uandike hapa. Nitaiweka barua yetu ya maelezo nikiwa nimeondoa majina, uone tulivyoipanga.